Maisha ya Tsubouchi Shoyo wa Japani

Wengi wetu hapa shuleni tumesoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Julius Nyerere na kuitoa mara ya kwanza mwaka 1963. Pengine ni wachache wanaojua kwamba tamthilia hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kufasiriwa kwa Kijapani mwaka 1884, tena na kijana ambaye miaka michache nyuma alikuwa ameanguka mtihani na kunyang'anywa msaada wa masomo. Kijana huyo ndiye Tsubouchi Shoyo. Aliishi miaka 75. Alifasiri tamthilia zote za Shakespeare, akaandika nyingine zake mwenyewe, akafundisha, akaanzisha chama cha waigizaji kikamvunjikia mikononi, na mwisho akaacha nyumba moja mjini Tokyo ambayo wachunguzi wa michezo ya kale ya Wajapani huiendea kutoka pande zote za dunia. Habari zake ndizo tunazotaka kuwasimulia wasomaji wetu muhula huu.

Kwanza neno moja juu ya jina. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Tsubouchi ni jina la ukoo wake. Wazazi wake walimwita Yuzo. Shoyo ni jina la uandishi alilojichagulia ukubwani kutoka katika kitabu cha kale cha Kichina, na maana yake ni kutembea kwa raha bila haraka. Ukiyasoma maisha yake utaona kwamba jina hilo halikumfaa hata kidogo, maana sijui kama alipata siku ya kutembea hivyo.

Alizaliwa mwezi wa Juni, 1859, katika mji mdogo wa Ota, katikati ya Japani, naye alikuwa kitinda mimba katika watoto kumi. Baba yake alikuwa mtumishi mwenye cheo katika ofisi ya mtawala wa Owari, na ndiye aliyemwanzisha mwanawe kusoma vitabu vya Kichina, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa daraja yake. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka tisa, serikali ya kale iliyotawala nchi kwa zaidi ya miaka 260 ilianguka, Mfalme Meiji akarudishiwa enzi, na watumishi wengi wa watawala wa mikoa wakapoteza kazi zao. Mwaka uliofuata, yaani 1869, jamaa yote ikahamia karibu na mji mkubwa wa Nagoya.

Huko Nagoya kijana alipata walimu wawili ambao hawakuwa katika shule yoyote. Mmoja alikuwa duka. Duka hilo liliitwa Daiso, nalo lilifunguliwa mwaka 1767. Halikuwa la kuuza vitabu bali la kuviazimisha. Mtu alitoa ujira mdogo, akachukua kitabu, akarudisha, akachukua kingine. Ghala zake zilijaa maelfu ya vitabu: hadithi za mashujaa, hadithi za mizaha, vitabu vya picha, habari za michezo. Tsubouchi alikuwa haachi kwenda. Alisoma kila alichokuta, hasa hadithi ndefu za Bakin, ambamo watu wema hutuzwa na waovu huangamia, akazisoma mpaka akazijua kama mtoto mwingine ajuavyo michezo ya uwanjani. Mwishoni mwa karne ya 19 duka la Daiso lilifungwa na vitabu vyake vikauzwa; kwa bahati njema vingi vilinunuliwa na maktaba kubwa za Tokyo na Kyoto, na hata sasa wenye kuchunguza mambo ya kale wakifungua kitabu hukuta mhuri wa duka lile la Nagoya.

Mwalimu wa pili alikuwa jumba la kabuki. Mama yake aliupenda mchezo huo, na mara kwa mara alikwenda naye kijana wake. Kwa wale wasioujua, kabuki ni mchezo wa kuigiza wenye maneno, ngoma na muziki wa shamisen, ambayo ni ala ya nyuzi tatu mfano wa gambusi. Ulianza mwaka 1603 kwa mwanamke aitwaye Okuni, aliyecheza mjini Kyoto. Lakini mwaka 1629 serikali ikapiga marufuku wanawake jukwaani, na tangu hapo wanaume ndio walioigiza hata sehemu za kike, tena kwa ufundi wa ajabu. Toka jukwaani kuna njia ndefu ipitayo katikati ya watazamaji mpaka nyuma ya ukumbi, na mwigizaji mkubwa akifika mahali maalumu katika njia hiyo husimama, akakaza mwili na macho, na watu wakapiga kelele za kumsifu. Maonyesho ya siku zile yalianza asubuhi yakaisha jioni. Watu walikula humo humo, wakalia humo humo. Baba wa namna ya baba yake Tsubouchi hakuhesabu kabuki kuwa jambo la heshima, maana wenye vyeo waliudharau mchezo huo na kuupendelea ule wa Noh, ulio wa zamani zaidi na wa utulivu. Lakini mapenzi ya mtoto hayaulizi heshima.

Alisoma Kiingereza katika shule ya serikali ya Nagoya, akafanya vizuri, na mwaka 1876 mkoa wake ukamchagua kuwa miongoni mwa vijana wa kupelekwa Tokyo kwa gharama ya mkoa. Shule aliyoingia iligeuzwa mwaka uliofuata ikawa Chuo Kikuu cha Tokyo. Walimu wengi walikuwa wageni, na masomo yalitolewa kwa Kiingereza.

Sasa twafika kwenye mtihani. Mwalimu mmoja Mmarekani, jina lake Houghton, aliwafundisha Hamlet ya Shakespeare, kisha akawapa swali: waeleze tabia ya Gertrude, malkia aliyeolewa na shemeji yake mara baada ya mumewe kufa. Tsubouchi alijibu kama alivyofunzwa na baba yake na vitabu vya Daiso. Alimhukumu. Alionyesha jinsi mwanamke yule alivyokosa uaminifu na jinsi alivyostahili adhabu, akaona amejibu vema. Alipata alama mbaya sana. Mwalimu hakuwa ameuliza kama malkia ni mwema au mwovu. Aliuliza ni mtu wa namna gani, na mwandishi amemjenga vipi.

Wanafunzi tuwajuao wangalisema mwalimu ana chuki. Tsubouchi alikwenda maktaba. Aliomba vitabu vya Kiingereza juu ya ufundi wa kutunga hadithi na tamthilia, akaomba magazeti ya wahakiki, akasoma moja baada ya jingine na kuandika aliyoyaona, akitafuta wenzetu wa ng'ambo wana maana gani wasemapo tabia ya mtu katika kitabu. Hakuna aliyempa kazi hiyo, wala haikuwa katika masomo yake, kwani yeye alikuwa mwanafunzi wa siasa na uchumi. Labda ndiyo sababu masomo yenyewe yalimponyoka: mwaka 1881 alianguka mtihani wa siasa, akanyimwa msaada wa mkoa, akalazimika kurudia mwaka na kufundisha wengine ili apate chakula na ada. Aliyemwangusha mara hii alikuwa Ernest Fenollosa, Mmarekani mwingine. Jambo la ajabu ni kwamba Fenollosa huyo baadaye alijitia kujifunza Noh kwa bidii chini ya mwigizaji mkuu Umewaka Minoru, na daftari zake, zilizotengenezwa na mshairi Ezra Pound na kupigwa chapa mwaka 1916, zilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya kuwajulisha watu wa Ulaya na Marekani mchezo huo. Basi mwalimu aliyeangusha na mwanafunzi aliyeanguka wote wawili waliishia katika kazi moja.

Mwaka 1883 Tsubouchi alifuzu, na rafiki yake Takata Sanae akampatia kazi katika shule mpya iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla na Okuma Shigenobu. Shule hiyo ndiyo iliyoitwa Chuo Kikuu cha Waseda tangu 1902. Hapo ndipo alipofanya kazi karibu maisha yake yote. Mwaka wa pili akatoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari. Ukiitazama leo utashangaa, maana aliiandika kwa mtindo wa masimulizi yaimbwayo pamoja na shamisen katika mchezo wa vikaragosi, ambayo Wajapani huyaita joruri. Brutus na Cassius wanasema kama mashujaa wa jukwaa la Osaka. Yeye mwenyewe hakuridhika nayo, na miaka mingi baadaye aliifasiri upya kabisa.

Matunda ya kusoma kwake maktabani yalionekana mwaka 1885, alipoanza kutoa Shosetsu shinzui, yaani kiini cha riwaya. Humo alidai kwamba riwaya si fimbo ya kuwachapia waovu wala zawadi ya kuwapa wema. Kazi yake ni kuonyesha moyo wa mwanadamu jinsi ulivyo na dunia jinsi ilivyo. Alimtaja Bakin wa utoto wake na kumpinga, na bila shaka haikumwia rahisi. Kitabu hicho kilibadili uandishi wa Japani. Akaandika pia riwaya juu ya wanafunzi wa Tokyo wa siku zake, lakini rafiki yake kijana Futabatei Shimei alipomletea riwaya yake, Tsubouchi aliona kwamba huyu amemzidi. Aliisaidia kutoka mwaka 1887 kwa kuipa jina lake mwenyewe, kwa kuwa Futabatei alikuwa hajulikani, na mwaka 1889 yeye akaacha kuandika riwaya. Si watu wengi wawezao kuona jambo hilo na kulikubali. Wakati huo alikuwa amekwisha kuoa, mwaka 1886. Mkewe, Sen, aliishi naye hata mwisho.

Tangu hapo moyo wake ukarudi jukwaani. Mwaka 1890 alianzisha idara ya fasihi katika shule yake, na mwaka 1891 gazeti la Waseda Bungaku. Masomo yake ya Shakespeare yalijaza darasa mpaka dirishani, kwa sababu hakusoma tu. Aliigiza sauti za watu wote, mfalme, mchimba kaburi na binti, kwa namna alivyojifunza kwa waigizaji wa kabuki wa Nagoya. Alikuwa pia mkuu wa shule ya sekondari ya Waseda kwa muda, akatunga vitabu vya kusomea vya shule za msingi vilivyotoka mwaka 1900. Kazi ya namna hiyo haina sifa nyingi, nasi walimu twaijua.

Pamoja na hayo alikusanya wanafunzi wake wakawa wanasoma tamthilia za Chikamatsu, mtungaji mkuu wa michezo ya vikaragosi na kabuki, aliyefariki mwaka 1725. Siku zile wasomi wa chuo hawakuona kwamba michezo ya sokoni yafaa kuchunguzwa kama vitabu vya Kichina. Tsubouchi na vijana wake waliisoma kwa utaratibu ule ule waliosomea Shakespeare, wakalinganisha nakala, wakapima tabia za watu, na mwaka 1900 wakatoa kitabu cha uchunguzi huo. Kisha akajaribu mwenyewe. Tamthilia yake ya Kiri hitoha, yaani jani moja la mti wa kiri, ilitoka katika gazeti lake mwaka 1894 na 1895. Yasimulia siku za mwisho za ukoo wa Toyotomi katika ngome ya Osaka, na jani la kiri ndilo lililokuwa alama ya ukoo huo. Ni mchezo wa kabuki kwa sura, lakini shujaa wake anasitasita na kuumia moyoni kwa namna ambayo msomaji wa Hamlet hawezi kukosa kuitambua. Ilimbidi angoje mpaka 1904 ndipo uchezwe jukwaani.

Mwaka 1906 alishiriki kuanzisha chama cha Bungei Kyokai, na mwaka 1909 akafungua chini ya chama hicho shule ya uigizaji katika kiwanja cha nyumba yake mwenyewe. Aliwapokea wanaume na wanawake pamoja, jambo geni, akaweka sheria kali za mwenendo, maana alijua kwamba watu wa Tokyo wanangoja aibu ya kwanza tu ili waseme. Mwezi wa Mei, 1911, vijana wake walicheza Hamlet, kwa tafsiri yake, katika Jumba la Kifalme la Michezo lililokuwa limefunguliwa mwaka huo huo. Mwanafunzi aliyeitwa Matsui Sumako alicheza Ofelia, na baadaye mwaka huo akacheza Nora katika tamthilia ya Ibsen, akapata sifa nchi nzima.

Aibu ikaja, ikatoka mahali asipopatarajia. Shimamura Hogetsu, mwanafunzi wake wa zamani, aliyesomea Ulaya na kurudi kuwa mkono wake wa kuume, mtu mwenye mke na watoto, alipendana na Sumako. Sheria zilikuwa wazi. Sumako aliondoshwa, Shimamura akamfuata, na mwaka 1913 chama kikavunjika. Wale wawili waliunda chama chao, nacho kilistawi. Lakini Shimamura alikufa kwa homa kuu ya mafua mwaka 1918, na miezi miwili baadaye Sumako akajiua. Hatujui vizuri Tsubouchi alisema nini faraghani. Twajua alichofanya: hakuanzisha tena chama kingine cha waigizaji wa namna ile, na mwaka 1915 aliacha kazi ya ualimu Waseda ili amalize kufasiri Shakespeare na kuchunguza michezo ya kale. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Hapa yafaa tukae kidogo, maana kazi ya miaka hii ndiyo sababu ya kuandika habari hizi. Kitabu ukiisha kukisoma kingali mkononi. Mchezo pazia likifungwa umekwisha. Aliyeuona anaukumbuka, na yeye akifa umekufa naye. Tena tamthilia za kabuki kwa kawaida hazikuwa zikipigwa chapa kama za Shakespeare. Ziliandikwa kwa mkono kwa matumizi ya jumba lenyewe, na kila mwigizaji alipewa karatasi ya maneno yake tu. Basi mtu wa leo atakaye kujua mwigizaji fulani alichezaje sehemu fulani mwaka 1795, ataanzia wapi?

Ataanzia kwenye karatasi zilizotupwa. Kuna matangazo ya majumba ya michezo, yaliyotaja mwezi, jina la mchezo, na nani anacheza nini. Kuna vitabu vidogo vilivyotoka kila mwaka, tangu karne ya 17 hadi ya 19, ambamo waandishi waliwapa waigizaji daraja kama mwalimu atoavyo alama na kueleza kosa la huyu na ufundi wa yule. Na kuna picha za waigizaji, zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa kwa rangi, zikauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Watu walizibandika ukutani zikichakaa wakazichoma. Picha huonyesha nguo, rangi za uso, jinsi mguu ulivyowekwa. Lakini mara nyingi haisemi mwaka. Jina la mwigizaji nalo halitoshi, kwa sababu majina hurithiwa: Ichikawa Danjuro wa kwanza aliishi karne ya 17, na wa kumi na tatu alilichukua jina hilo mwaka 2022. Kwa hiyo mchunguzi hutazama mhuri wa wakaguzi wa serikali pembeni mwa picha, ambao kuanzia mwaka 1790 husaidia kukadiria wakati. Hutafuta tangazo la mwezi unaoelekea, aone kama Danjuro gani alicheza sehemu hiyo. Kisha hufungua kitabu cha daraja cha mwaka uliofuata asome walivyomhukumu. Vitatu vikipatana, amepata. Hata hapo yampasa kuwa na shaka, kwani picha nyingine zilichorwa kabla ya onyesho ili kulitangaza, na mchoraji aliweza kuonyesha jambo ambalo jukwaani halikutokea.

Siku zile picha hizo zilikuwa zikinunuliwa kwa wingi na wageni kwa sababu ya uzuri wake. Tsubouchi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema kwamba ni ushahidi pia, kama hati ya mahakamani. Mwaka 1920 alitoa kitabu juu ya picha za michezo za Toyokuni na wanafunzi wake, naye alikusanya na kuhimiza Waseda ikusanye maelfu ya picha hizo. Alikuwa amejenga nyumba huko Atami, mji wa pwani wenye chemchemi za maji moto, na huko nako hakukaa bure: alisaidia maktaba ya mji ianze, akaitolea vitabu vyake.

Tarehe 1 Septemba, 1923, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tetemeko kubwa la nchi lilipiga Tokyo na Yokohama. Ilikuwa saa ya kupika, na moto ukashika mji wa nyumba za mbao. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Mbele ya msiba kama huo ni vigumu kuomboleza karatasi. Hata hivyo maktaba ya Chuo Kikuu cha Kifalme, ambamo vijana wengi walikuwa wamejifunza, iliteketea pamoja na mamia ya maelfu ya vitabu, na majumba makubwa ya michezo yakaungua pamoja na nguo, miswada na matangazo yao. Tutoe mfano mmoja. Zeami, aliyefariki yapata mwaka 1443 na ambaye ndiye mkuu wa watungaji wa Noh, aliandika vitabu vya siri juu ya ufundi wake kwa ajili ya warithi wake tu. Vilikaa karibu miaka 500 bila kusomwa na watu wa nje. Mwanachuoni wa Waseda, Yoshida Togo, alivipata katika mkusanyo wa tajiri mmoja, akavinakili na kuvipiga chapa mwaka 1909. Tetemeko lilipokuja nakala zile za kale ziliungua zote. Kama Yoshida angalingoja miaka kumi na mitano, asingalizikuta nakala zile.

Tsubouchi alikuwa na umri wa miaka 64. Alikuwa bado na tamthilia nyingi za Shakespeare za kufasiri, na sasa akaanza kusema pamoja na rafiki zake juu ya nyumba imara ya kuwekea vitu vya michezo, ya Japani na ya nchi nyingine, isiyoshika moto kwa urahisi. Michango ikatolewa na watu wengi, waigizaji, wasomi, matajiri na wapenzi wa michezo. Mwezi wa Oktoba, 1928, Jumba la Makumbusho ya Michezo likafunguliwa katika kiwanja cha Waseda, kwa heshima ya mambo mawili: Tsubouchi kufikia miaka 70 kwa hesabu ya Kijapani, na kukamilika kwa tafsiri ya Shakespeare katika vitabu 40. Cha kwanza kilikuwa kimetoka mwaka 1909. Mtu huyu, tukumbuke, hakupata kufika Uingereza; Shakespeare wake wote alitoka vitabuni.

Sura ya jumba lenyewe ina hadithi. Lilijengwa kwa mfano wa Fortune, jumba la michezo la London lililojengwa mwaka 1600 na kuungua mwaka 1621. Waliwezaje kuiga kitu kilichoungua miaka 300 nyuma? Kwa sababu mkataba wa mwenye jumba na seremala wake ulihifadhiwa katika chuo kimoja cha Uingereza, pamoja na vipimo vya urefu, upana na ghorofa. Karatasi moja ya biashara, ambayo yeyote angeweza kuifungia samaki, ikawa chanzo cha nyumba ya Tokyo. Mbele ya jumba kuna jukwaa halisi, na michezo huweza kuchezwa hapo watazamaji wakiwa uani.

Miaka iliyobaki hakupumzika. Aliona tafsiri zake za kwanza zina maneno ya kikale mno, akaanza kuzisahihisha zote upya, na matoleo hayo mapya yakaanza kutoka mwaka 1933. Alikuwa mgonjwa wakati mwingi. Alifanya kazi hiyo karibu mpaka mwisho, akafariki nyumbani kwake Atami tarehe 28 Februari, 1935, akazikwa katika hekalu la Kaizoji papo hapo Atami.

Jumba likabaki mikononi mwa wanafunzi wake. Kawatake Shigetoshi, ambaye Tsubouchi alikuwa amemwombea kuwa mwana wa kupanga katika nyumba ya mtungaji mashuhuri wa kabuki, Kawatake Mokuami, aliliongoza kuanzia 1934 hadi 1960. Katika vita vya 1945 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo na kuharibu majengo mengi ya Waseda, lakini jumba lilipona. Kadiri miaka ilivyopita familia za waigizaji zilileta barua, nguo, nyuso za bandia za Noh, vikaragosi, miswada. Sasa vitu vyote pamoja hufika karibu 1,000,000, na picha za waigizaji peke yake ni makumi ya maelfu. Nyingi katika hizo zimepigwa picha upya na kuwekwa katika intaneti, hata mwanafunzi aliye mbali na Japani aweza kuitazama nguo ya mwigizaji wa mwaka 1795, na kulinganisha mhuri na tangazo kama tulivyoeleza. Wale wanaofika wenyewe huzitazama karibu, ghorofa tatu, kwa mbao zile zinazolia chini ya miguu, na kuingia hakulipiwi kitu.